Joka Lisilo na Mabawa

Fomu ilikuwa na visanduku vinane. Jina la kiumbe. Umbo. Makazi. Sauti. Namna anavyoshambulia. Udhaifu. Anachoacha akiuawa. Na cha mwisho, kwa herufi ndogo kuliko vingine: chanzo cha ubunifu.

Vile saba vya kwanza nilivijaza usiku mmoja, nimeketi kitandani nyumbani Kabuchai, laptopu ikivuta intaneti kutoka kwa simu, stima imepotea tangu saa moja jioni. Kile cha nane kilinichukua miezi minne, na mpaka leo sijui kama nilikijaza sawasawa.

Ilikuwa Aprili 2024. Studio moja ndogo ya gemu, ya ng'ambo, ilikuwa inatafuta mtu wa kuwaandikia viumbe watano "wa Kiafrika". Sikuuliza Afrika ipi. Kila kiumbe dola 30, jumla dola 150, karibu shilingi elfu 20 za kwetu. Kwa mtu aliyekuwa akiwaandikia wanafunzi wa nchi za watu insha zao kwa dola tatu ukurasa, kazi ya namna hiyo haiulizwi maswali.

Wacha niseme hilo mapema ndio tusidanganyane. Chuo niliacha mwaka wa pili. Karo ilikwama, nikaambiwa nirudi nikishalipa, nikaja nyumbani kwa wiki mbili, na wiki mbili hizo zimefika miaka mitatu. Tangu hapo nimekuwa nikisomea watu wengine. Kuna mtu mahali fulani ana shahada ya uzamili ya usimamizi wa hospitali, na nusu ya tasnifu yake niliiandika kwenye meza ya jikoni ya mama, kuku wakipita chini ya miguu yangu. Yeye alihitimu, akapiga picha na kofia. Mimi nilipata dola 90.

Kwa hivyo viumbe wanne wa kwanza niliwaumba kama ninavyoandika insha, mbio mbio bila kugeuka nyuma. Fisi anayeiga kilio cha mtoto. Samaki wa Nzoia anayebeba taa tumboni. Wawili wengine hata sitaki kuwakumbuka. Nilipofika kwa wa tano akili ilikuwa imekauka, ikawa saa nane usiku, nikaandika jina la kwanza lililonijia. Yabebe.

Hapo ndipo nilipojiingiza.

*

Kama hukulelewa upande huu, Yabebe ni lile joka aliloliua Mango. Kila ukoo wa Babukusu una namna yake ya kusimulia, na wazee wanaweza kugombana hadi jua litue kuhusu pango lilikuwa wapi. Lakini mifupa ya hadithi ni ileile. Kulikuwa na joka pangoni, linakula watu na mifugo. Majirani zetu Wakalenjin wa mlimani, tunaowaita Barwa, walikuwa wakitahiri vijana wao, na Mango alikuwa hajatahiriwa. Wakamcheka. Wakamwambia, ukiliua lile joka, basi wewe ni mwanamume, nasi tutakutahiri. Mango akaenda, akaliua. Akapigwa kisu. Ndiyo maana hadi leo, Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, wavulana wa Bungoma na Trans Nzoia wanazunguka na njuga za chuma mikononi, zile tunaita chinyimba, wakiwaalika jamaa zao. Ndiyo maana alfajiri mvulana anatoka mtoni amepakwa matope, anarudi nyumbani akiimbiwa sioyaye, na anasimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho.

Kwa maneno mengine, Yabebe si hadithi ya kulalia. Ni mlango. Kila mwanamume wa kwetu amepita chini ya huyo nyoka.

Mimi sikupita. Agosti 2012 nilikuwa na miaka 12, na wenzangu wote njiani kwetu walikuwa wanapiga chinyimba. Baba ni mzee wa kanisa, na zile nyimbo za usiku hakuzitaka karibu na boma lake. Siku ya Jumanne, asubuhi, alinipeleka zahanati. Sindano, kitambaa cha kijani, redio ikitangaza bei ya mahindi. Nilipotoka nilinunuliwa soda. Sikupepesa jicho, lakini hakukuwa na mtu wa kulitazama.

Hakuna aliyewahi kunitukana kwa hilo. Kwetu watu ni waungwana. Ni vile tu wenzangu wakiketi na kukumbushana baridi ya ile asubuhi, mtu hunigeukia kwa upole na kuniomba nilete viti zaidi.

Sasa mtu huyo ndiye aliyekuwa anauza Yabebe kwa dola 30.

*

Wiki hiyohiyo nilienda Kitale kwa binamu yangu. Kutoka Chwele unashika matatu hadi Kimilili, kisha Kamukuywa, kisha Kiminini, na Kitale hiyo hapo. Binamu ana kibanda cha PlayStation, watoto wanalipa kwa mechi, na kusema kweli hapo hakuchezwi kitu kingine isipokuwa mpira. Lakini kwenye laptopu yake alikuwa amenunua gemu iliyotoka siku chache tu kabla, tarehe 23 Aprili, kwa dola 20 ambazo mkewe hajazisikia hadi leo. *Tales of Kenzera: ZAU*.

"Hii kaiweka msee wetu," aliniambia. Msee wetu ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ile sauti ya Bayek katika *Assassin's Creed Origins* ya 2017. Alianzisha studio yake, na Desemba 2023 akapanda jukwaani kwenye The Game Awards kuitangaza gemu hiyo, akizungumza kuhusu baba yake aliyefariki. Gemu yenyewe inamhusu kijana mganga anayeitwa Zau. Baba yake amekufa, naye anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa kifo: akimletea roho tatu kubwa, Kalunga atamrudishia baba.

Tuliweka sauti za Kiswahili. Sijui nieleze vipi. Nimecheza gemu tangu nikiwa na miaka tisa, na sijawahi kusikia mtu akipigana kwa lugha ninayotumia kumwomba mama chumvi. Binamu alikuwa ameshazoea. Mimi nilisitisha gemu mara mbili nikijifanya nataka maji.

Kisha mwandishi ndani yangu akaamka, nikaanza kuwachunguza wale viumbe. Roho tatu: Impundulu, GaGorib, Kikiyaon. Impundulu ni ndege wa umeme, wa Waxhosa na Wazulu kule kusini. GaGorib ni wa Wakhoikhoi, na katika hadithi yao ya zamani huketi ukingoni mwa shimo akiwachokoza wapita njia wamtupie mawe. Jiwe linaruka na kumrudia aliyelitupa, naye anatumbukia. Kikiyaon ni bundi mla roho wa Afrika ya Magharibi. Kalunga mwenyewe, jina lake linatoka kwa Wakongo na Wambundu, linagusa mauti na yale maji yanayotenga walio hai na waliokwenda.

Nilianza kulalamika. Msee wetu, damu ya Kenya, na katika zile roho tatu hakuna hata moja ya huku kwetu! Binamu hakuondoa macho kwenye skrini. Akaniambia, "Lakini baba ni wake."

Nilirudi na hilo neno hadi Kabuchai. Viumbe wa Salim walitoka kila kona ya bara, lakini huzuni ilitoka nyumba moja. Ndiyo inayowashikilia pamoja. Ukimtoa Impundulu kwa Waxhosa ukamweka kwenye gemu bila kitu chako mwenyewe cha kumlisha, umechukua manyoya tu. Nami nilikuwa nimejaza visanduku saba vya manyoya.

*

Kuka anaishi upande wa Luuya. Kuka ni babu kwa Kibukusu, naye huniita kuka vilevile. Kwetu jina hilo huenda na kurudi. Nilimkuta akichambua maharagwe chini ya mwembe. Nilimsalimu, nikauliza hali ya miguu, nikasubiri chai iishe. Halafu nikamwambia nataka kusikia tena ya Mango.

"Si nilikusimulia?"

"Ulinisimulia nikiwa mdogo, Kuka."

"Basi nilikusimulia nusu."

Nilijua kwa nini nusu. Naye alijua kwamba najua. Akachambua maharagwe kidogo, akatupa bovu kwa kuku.

"Watu wanadhani Mango alimfuata nyoka," alisema. "Hakumfuata. Alimtangulia. Nyoka alikuwa ametoka kwenda kula. Mango akaingia ndani ya nyumba yake, na gogo lake na panga lake, akaketi gizani. Akangoja. Hiyo ndiyo kazi aliyofanya. Kukata ni kitu cha mara moja, hata mtoto anaweza kukata. Lakini kungoja mahali panaponuka adui yako, na humsikii, na hujui atarudi saa ngapi?"

Yabebe aliporudi, alisema, aliingia kwa utaratibu, kama mtu anayeingia kwake. Mango akatanguliza gogo, nyoka akajisumbua na gogo, panga likashuka. Kichwa kikakatika. Lakini hakikufa. Kiliruka hadi nje ya pango, kikauma mti. Na ule mti, majani yote yakanyauka papo hapo, watu wakitazama.

Niliandika kila kitu kwenye simu. Kuka aliniacha niandike, kisha akauliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya mchezo, ule wa kwenye runinga, wa vijana. Kwamba mtu atakuwa Mango, na atapigana na Yabebe kwa vidole.

"Na atangoja?"

"Sijui kama watu wa gemu wanapenda kungoja."

"Hm," alisema Kuka.

*

Nilitaka kumwona nyoka kwa macho kabla ya kurekebisha fomu. Kwa hivyo nilirudi Kitale, safari hii hadi makumbusho. Hayo makumbusho yalianza na mzungu mmoja, Kanali Stoneham, mkusanyaji wa vipepeo, wadudu na kila kitu kinachoweza kuwekwa kwenye sanduku la kioo. Aliyaanzisha yakiwa yake mwenyewe mwaka 1926. Ya umma yakafunguliwa 1974. Wanafunzi wa shule za msingi hupita haraka kwenye vipepeo ili wafike kwa nyoka, nami nilifanya vivyo hivyo.

Nilimtazama chatu kwa karibu saa nzima. Hakufanya lolote. Hana kope, kwa hivyo hujui kama amelala au anakuhesabu. Midomoni ana vijishimo vinavyohisi joto, anaweza kujua ulipo gizani bila kukuona. Jike lake hujizungusha mayai na kuyalinda mpaka yaanguliwe. Na anapotambaa bila haraka, mwili wake haupindi kushoto wala kulia. Unasogea mbele moja kwa moja, ngozi ikitangulia na mifupa ikifuata. *Aliingia kwa utaratibu, kama mtu anayeingia kwake.* Aliyeisimulia hadithi hii mara ya kwanza alikuwa amewahi kumwona chatu akiingia shimoni.

Lakini chatu hana sumu. Hilo lilinikwaza. Chatu huua kwa kubana. Mti ulionyauka unataka sumu, na sumu ni ya kifutu, ni ya swila. Nikawa nimesimama pale nikigundua kitu ambacho labda kila mtu mwingine anakijua: kwamba wazee walikuwa wasanifu. Walichukua mwili wa chatu, wakautia sumu ya nyoka mwingine, wakamweka ndani ya pango, kwa sababu mlima wetu umejaa mapango. Masaba, ule mnaouita Elgon, una Kitum, ambalo limechimbika ndani ya mlima kiasi cha mita 200, na tembo huingia humo usiku kukwangua chumvi ukutani kwa pembe zao. Una Makingeny, una mengine. Barwa walikaa humo na ng'ombe wao vizazi na vizazi. Mtu aliyesimama kwenye mdomo wa pango la namna hiyo jioni, akasikia kitu kikubwa kikipumua ndani na asijue ni tembo, hahitaji kuambiwa kwamba kuna joka.

Na kichwa kinachouma baada ya kukatwa? Hicho ndicho nilikidhania chumvi ya msimulizi. Kumbe ni kweli tupu. Kichwa cha nyoka kilichotenganishwa na mwili kinaweza kuendelea kuuma kwa muda, neva bado zinafanya kazi yake, na watu wamewahi kujeruhiwa na nyoka waliyekwisha kumuua. Kila mtoto wa shamba anaambiwa asiguse kichwa. Hadithi inasema jambo hilohilo kwa namna usiyoweza kulisahau: umeshinda, watu wanapiga vigelegele, na sasa ndio wakati wa kuwa macho.

Nilirudi nyumbani nikafuta visanduku vyote saba. Umbo: chatu, bila pembe, bila kope. Sauti: hakuna, isipokuwa ya ngozi juu ya jiwe. Namna ya kushambulia: anarudi nyumbani. Mchezaji hapigani naye anapomkuta. Lazima aingie pangoni Yabebe akiwa hayupo, azime mwenge, akae. Anachoacha akiuawa: kichwa chake, ambacho kina pigo moja lililobaki. Anayeshangilia mapema anakufa.

Niliituma saa tisa usiku nikalala kama mtu aliyelipa deni.

*

Mchoro ulirudi baada ya wiki tano.

Alikuwa na mabawa. Alikuwa na pembe nne, na moto mdomoni, na shingoni kafungwa shanga za rangi rangi, sijui alizivalishwa na nani maana hana mikono. Usoni alikuwa na michoro myeupe ambayo sijawahi kuiona kwa kabila lolote la Bungoma wala la mahali pengine. Ujumbe ulikuwa wa adabu. Walipenda sana "nguvu" ya maandishi yangu. Lakini mchezaji wa kawaida, walisema, angeona nyoka mkubwa tu. Na ile ya kungoja gizani ingewachosha watu.

Nilikasirika, halafu nikakumbuka jambo nililolisoma nikitafiti. Majirani zetu Wanandi wana zimwi lao, Chemosit. Mwingereza aitwaye Hollis aliandika habari zake katika kitabu cha 1909: nusu mtu, nusu ndege, mguu mmoja, makalio tisa, na mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa. Makalio tisa! Mtu wa studio akikuletea huyo huongezi kitu. Lakini walowezi wa miaka iliyofuata waliposikia habari za mnyama wa kutisha kwenye vilima vya Nandi, hawakuona ndege wala taa. Waliona dubu. Katika Afrika hii ya kusini mwa Sahara ambako hakuna dubu wa porini hata mmoja, wakaandika ripoti, wakalumbana kwenye majarida, na mpaka leo ukiuliza intaneti utaambiwa habari za dubu wa Nandi. Walikuwa na hofu yao tayari nyumbani kwao, ina manyoya na kucha, wakaivisha jina la mahali walipofika. Sidhani walikuwa na nia mbaya. Hofu ya mtu mwingine ni ngumu kuiona. Unaona ile unayoijua.

Studio nayo ilikuwa na joka lake tayari, lenye mabawa. Nilichowapa mimi ni jina tu.

Ningependa kukuambia kwamba nilikataa pesa. Nilitembea hadi barabarani, nikarudi. Mama alikuwa anadaiwa dukani. Nikaandika ujumbe wenye mambo mawili. La kwanza, waondoe jina. Huyo wawezaje kumwita Yabebe? La pili, kama ni lazima wabadilishe kila kitu, waache kichwa na mti.

Walikubali yote mawili bila kubishana, jambo ambalo liliniuma kidogo. Jina jipya ni silabi tatu zisizo za lugha yoyote. Lakini mti upo. Nimeiona video yake: joka la mabawa linaanguka, muziki wa ushindi unaanza, na kichwa kinaruka. Kama hukujificha nyuma ya mti, umekwisha. Kama ulijificha, mti unanyauka mbele yako, jani kwa jani, na muziki unanyamaza.

*

Pesa ziliingia mwanzoni mwa Agosti. Nilinunua sukari kilo mbili na majani ya chai nikaenda Luuya. Nilimwonyesha Kuka mchoro kwenye simu. Alisogeza simu mbali, akaileta karibu, akaisogeza tena mbali.

"Hivi ni nini?"

"Mabawa."

"Mwenye mabawa anatafuta nini pangoni?"

"Popo, Kuka. Popo ana mabawa na anakaa pangoni."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi huyu ni popo. Mpeni pole." Kisha akauliza nimelipwa ngapi. Nikamwambia karibu elfu nne kwa huyo mmoja. Nikampa elfu mbili, akazikunja, akaziweka mfuko wa shati bila kuzihesabu.

"Mango alilipwa kisu," alisema. "Wewe umelipwa kwa M-Pesa."

Sikujua kama amenitania au amenihukumu. Kwa Kuka hayo mawili hukaa kiti kimoja. Nilimwambia kwamba nilikuwa nimeuza kitu ambacho hata hakikuwa changu kuuza, kwamba mimi ni wa zahanati. Nililisema kwa mara ya kwanza kwa sauti, na nililisema nikitazama maharagwe.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Baba yako alikuja kwangu kabla ya kukupeleka. Hukujua? Nilimkatalia. Akakupeleka. Nilimkasirikia miaka miwili. Lakini kisu ni kisu, kuka. Kilichobaki ni kungoja, na wewe naona unangoja. Miaka mitatu sasa uko hapo kwenu gizani na hiyo mashine yako. Sijui unamngoja nyoka gani. Ila usilale."

*

Jioni ileile alikuja mvulana mmoja wa ukoo, miaka 13, na kundi lake nyuma, chinyimba zikilia tangu chini kwenye miwa. Alikuja kumwalika Kuka. Walicheza uani mpaka vumbi likawafunika, na Kuka akampa kuku na maneno makali, kama ilivyo desturi. Walipopumzika akaninyooshea kidole.

"Huyu ni mwandishi. Mwambieni awasimulie Mango."

"Kuka, si wewe—"

"Mimi nimechoka. Nawe unayo yote sasa."

Nikasimulia. Nilianza vibaya, nikitafuta maneno, nusu Kiswahili nusu Kibukusu, kisha pango likanisaidia. Niliwaketisha gizani. Niliwangojesha. Nilipofika pale ngozi inapokwaruza jiwe, yule mvulana alikuwa ameshikilia chinyimba zake zisilie. Kichwa kikaruka. Mti ukanyauka.

"Ulikuwa mti gani?" akauliza.

Nilikuwa nimeandika habari za mti huo, nikaupigania kwa barua pepe, nikautazama ukifa kwenye video mara kumi. Sikuwahi kuuliza. Nikamgeukia Kuka.

"Hata mimi nilimuuliza babu yangu," alisema kutoka kwenye kiti chake. "Aliniambia, ule uliokuwa karibu."

Usiku huo nilifungua ile fomu ya zamani, ambayo hakuna aliyekuwa anaihitaji tena. Kwenye kisanduku cha nane, chanzo cha ubunifu, nilikuwa nimeandika mwezi wa nne: *ngano za Kiafrika*. Nikafuta. Nikaandika: *mzee mmoja wa Luuya, Kabuchai, aliyesimuliwa na babu yake.* Nikakaa kidogo. Stima ilikuwa imepotea tena, na kwa mbali, upande wa mto, chinyimba zilikuwa bado zinalia. Nikaongeza: *na mjukuu wake.*